Ukuta wa Mzee Do

"Chumvi yako hii, Mama Jin-tae. Usinizungushe."

Mzee Do alikuwa amesimama kwenye baraza la mitungi la jirani yake, kidole kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, pale unga mweupe ulipochanua kama ukurutu. Katika mtaa ule wa mlimani, Busan, nyumba zimeegemeana kama walevi; baraza la Mal-sun linagusa ukuta wa chumba cha kulala cha Do.

Gwak Mal-sun, ambaye mtaa mzima humwita Mama Jin-tae, alikuwa amechuchumaa, mikono myekundu kwa pilipili hadi viwikoni. Ilikuwa siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa ajili ya majira ya baridi. Kabichi sitini zilikuwa zimelala usiku kucha kwenye maji ya chumvi, na wanawake sita walikuwa wakizipaka viungo. Sasa masikio yote yalikuwa kwa Do.

Alieleza kwa kirefu. Miaka yote mwanamke huyu anamwaga maji ya chumvi hapa, ukuta umeyanywa, na ndani kuvu nyeusi imekula karatasi ya ukutani mpaka mkewe anakohoa. Mwenyekiti wa mtaa, Bi Pyo, alikuwa ameitwa kutoa uamuzi. Do alitaka mitungi yote iondolewe na baraza libomolewe.

Hapo Mal-sun alinyanyuka. Mtungi mkubwa wa sosi ya soya aliachiwa na mama mkwe wake. Umechakaa, na ukisogezwa tu utapasuka. Sosi iliyomo huongezewa kila mwaka, haijawahi kukauka.

Hakubishana. Alinawa, akaukwangua ule unga kwa ukucha, akauweka ulimini. Mwanamke aliyeonja chumvi ya kabichi miaka arobaini hadanganywi na ukuta.

"Onja, Bi Pyo."

Bi Pyo alisita, akaonja, akakunja uso. "Hauna chumvi. Kama chaki."

Wanawake wakapitishiana unga ule ulimi kwa ulimi, wakicheka, na mmoja akasema mapishi ya Baba Hye-ran hayana ladha hata ukutani. Baba Hye-ran, yaani Do, hakucheka.

"Hiyo ni chokaa ya saruji," alisema Mal-sun. "Ukuta umekunywa maji, sasa unayatoa kwa jasho. Umeyanywea wapi? Twende ndani."

Chumbani, mke wa Do aliwaonyesha. Sakafu ya baraza la Mal-sun ilikuwa usawa wa kitanda. Chini ya hapo ukuta ulikuwa mkavu. Weusi ulianzia juu kabisa, karibu na dari, penye bomba la kiyoyozi, ukateremka ukitanuka.

"Maji yangu yanapanda ngazi?" aliuliza Mal-sun.

Do akajitetea kwamba tundu lile la bomba alilitoboa mwenyewe, akaliziba mwenyewe. Kila mtu mtaani alikumbuka, maana alijisifu mwezi mzima kwamba hakumhitaji fundi.

"Ulitoboa ukiwa umesimama wapi?"

"Nje. Kwenye baraza lako, juu ya ngazi."

Walirudi barazani, mke wa Do akabaki chumbani. Mal-sun alipanda kwenye beseni lililopinduliwa, akabandua utepe uliolegea pembeni ya bomba, akachomeka kijiti cha kulia chakula. Kijiti kikalala kuelekea ndani. Tundu lilikuwa na mteremko wa kuingiza mvua chumbani, na zile pepo za bahari za vuli ziliisukuma kabisa. Lakini Do bado alitikisa kichwa: ndani ameliziba, maji hayapiti.

Basi Mal-sun akafunua ule mtungi wa mama mkwe, akachota kata moja ya sosi nyeusi, akaimimina ukutani juu ya bomba.

Sauti ya mke wa Do ikatoka dirishani. "Imetokeza. Pembeni ya bomba, nyeusi, inatiririka." Kisha akaongeza: "Na inanukia vizuri, Mama Jin-tae."

Kicheko kilitikisa vifuniko vya mitungi. Bi Pyo alitamka uamuzi huku akijifuta machozi: mitungi ibaki, mwenye tundu alizibe kwa nje, tena kwa fundi. Wanawake wakampigia Mal-sun vifuniko vya sufuria, naye akazunguka baraza lake mara moja, mikono kiunoni, kama mkaguzi wa gwaride.

Do alibaki kando ya ukuta akivifunga na kuvifungua vifungo vya koti. Jikoni nyama ya nguruwe ilikuwa imeshaiva, na kimchi mbichi ilikuwa mezani.

"Baba Hye-ran," alisema Mal-sun, "mwite mkeo, vueni viatu muingie. Nyama inapoa."