Msimamizi wa Udobi

Siku ya uzinduzi wa kitabu chake cha kwanza, akiwa na miaka hamsini na minne na viatu vilivyombana, Karani aliulizwa swali jepesi likamshinda. Mwandishi wa habari, binti mwenye adabu zake, alimsogezea kinasa sauti akasema, "Mama, uandishi umesomea wapi?"

Karani akatazama viatu vyake. Mwishowe akasema amejifunza hapa na pale. Watu wakapiga makofi, na yeye akarudi nyumbani amenuna kana kwamba ametukanwa.

"Hapa na pale ndiyo wapi?" mumewe akamuuliza. Alikuwa fundi saa, na hata akizungumza macho yake hayakubanduka kwenye saa aliyoifungua mezani.

"Nilitaka kusema udobi."

"Sasa si ungesema?"

"Nikaona haya."

"Haya ya kufua, au haya ya yule mama aliyekuwa msimamizi wako?"

Karani akainama kuvua viatu. Ukishaishi na mtu miaka thelathini, hata ukinyamaza anakusikia.

Ni kweli maisha yake yalikuwa yamepita njia nyingi. Miaka kumi na moja alikaa nje ya mahakama na mashine yake ya taipu, akiwaandikia watu barua. Huko ndiko alikojua kwamba mwenye jambo zito huanza na jingine. Bwana mmoja alimwandikisha ukurasa mzima juu ya paa linalovuja, na walipofika kwenye salamu za mwisho ndipo akasema, macho makavu, "Malizia kwamba mama amefariki Jumanne." Baadaye akawa opereta wa simu katika kampuni ya bima, akasikiliza sauti za watu mpaka akaweza kumtambua mwongo kwa jinsi anavyovuta pumzi. Yote hayo yalikuwemo kitabuni. Lakini mwanzo wa yote ulikuwa udobini, katika hospitali kubwa, alikoajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa, shule imekatikia njiani na mama yake amelazwa ghorofa ya juu ya jengo lilelile.

Chumba cha kufulia kilijaa mvuke hata mtu akamtafuta mwenzake kwa kuita. Msimamizi alikuwa mama mmoja mrefu, aliyebandikwa jina la Kengele kwa sababu sauti yake ilizishinda mashine zote nne. Mashuka machafu aliyachambua mwenyewe, na kila moja alilisomea habari zake.

"Huyu ana mawazo," alikuwa akisema. "Tazama alivyolisokota pembeni kama kamba. Na huyu hapa, kuna mtu ameshinda naye kitandani, upande mmoja tu ndio umekunjamana. Anapendwa huyu, atapona."

Wenzake walicheka mbavu hawana. Karani naye alicheka, halafu akajibanza nyuma ya rundo la mablanketi na kuyaandika kwenye daftari alilolificha ndani ya aproni. Hapo ndipo jina la Karani lilipomganda.

Asubuhi moja Kengele akamjia mbio, akalichomoa daftari mfukoni, akalifungua, kisha akalichana mbele ya watu wote. Akalichana mara ya pili, na vipande akavitupa kwenye ndoo ya dawa ya madoa. "Hapa tunafua, hatuandiki!"

Karani alilia chooni mpaka macho yakavimba. Tangu siku hiyo hakumwongelesha yule mama ila kwa ya kazi tu, na mama yake alipopona na kutoka hospitali, naye akaacha kazi bila kuaga. Katika sura ya tatu ya kitabu kuna msimamizi anayechana daftari la mfanyakazi. Wasomaji walimchukia kupita kiasi.

Alhamisi iliyofuata Karani akapiga moyo konde. Kwa msaada wa mwenzake wa zamani alipata habari kwamba Kengele yu hai, anaishi na mkwe wake ng'ambo ya mji, na macho yamekwisha. Alimkuta ameketi sebuleni, anakunja nguo za wajukuu kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja, usitaje jina!" Kengele akainua kidole. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Karani! We mtoto, uliondoka bila kuaga!" Sauti ilikuwa ileile. Paka aliyelala kizingitini akatoka mkuku.

Mkwe akaleta chai, akaketi nao. Karani akakiweka kitabu mapajani mwa yule bibi. "Nimeandika kitabu, mama. Na wewe umo. Sikukutendea wema humo."

"Nisomee."

"Nianzie wapi?"

"Hapo nilipo mbaya. Pazuri tutapafikia."

Akasoma sura ya tatu yote. Alipomaliza, mkwe alikuwa ameinamia kikombe chake. Kengele akaangua kicheko.

"Nilikuwa natisha hivyo?"

"Ulikuwa unatisha, mama."

"Afadhali." Kisha akaacha kucheka. "Ila umemwacha matroni."

"Matroni gani?"

"Aliyekuwa njiani anakuja. Asubuhi ile kuna mtu alikuchongea, kwamba unaandika habari za wagonjwa. Matroni akatoka ofisini na bwana wa utawala waje wakague mifuko yenu. Mimi nikaambiwa na mfagiaji, nikakimbia. Nafungua daftari lako, ukurasa wa kwanza tu: jina la mgonjwa, namba ya kitanda, na wanawake wawili wanaomtembelea kwa zamu! Mwanangu, ungefukuzwa kabla ya chai. Na mama yako yuko juu, anatibiwa bure kwa sababu ya kazi yako. Walipoingia wakakuta karatasi zinaelea kwenye ndoo, wino umetoka wote. Nikawaambia ni orodha ya sabuni."

Karani akakifunga kitabu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ile uso wako ungetuumbua wote. Halafu ukaninunia, na mimi nina kiburi changu. Nikasema atakuja mwenyewe. Umechelewa kidogo tu."

Mama yake Karani aliishi miaka tisa zaidi baada ya matibabu yale. Aliona harusi ya bintiye, akapakata wajukuu wawili. Na jambo jingine likamjia Karani pale kwenye kiti: tangu lile daftari lichanwe, hakuandika tena jina la kweli la mtu. Akichukua mwendo wa huyu aliuvika kikohozi cha yule, akawapa nyumba ambazo hazikujengwa popote. Miaka yote alidhani ule ni woga, kumbe ndipo alipoanza kutunga.

Akapiga magoti, akaishika mikono ya Kengele, iliyokuwa bado migumu kwa sabuni ya miaka mingi. "Asante, mama. Asante sana."

"Inuka, utachafua nguo," Kengele akasema, lakini mikono hakuitoa.

"Nitaibadilisha sura hiyo kikichapwa tena."

"Thubutu! Yule mama wa kitabuni mwache na ubaya wake, ananoga. Mimi wa kweli nipo hapa, nakunywa chai. Haya, sasa anza mwanzo, na usiruke hata mstari."

Walikimaliza kitabu kwa Alhamisi tano. Majirani wawili walijiunga, mmoja akiwa na kiti chake. Siku hizi Karani anaandika cha pili, na kila sura ikiiva huipeleka kwa Kengele kwanza, kabla hata mhariri hajaiona. Bibi husikiliza huku akikunja nguo. Asiporidhika husimamisha mikono na kusema, "Hapo unanidanganya. Rudia." Naye Karani hutoa kalamu, akarudia.