Ripoti ya Dereva

Ndugu wananchi! Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba Mtukufu Rais wa Maisha, aliyezikwa kabla sijazaliwa, amerejea hewani. Alikuwa amekalia ndoo bafuni kwa bibi yangu, simu mkononi, akijikaza asicheke.

Mtukufu huyo ni mimi. Bwenini nilikuwa bingwa wa kuiga sauti. Niliwahi kuwatoa wenzangu wote vitandani kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Likizo hii nilipata mwalimu mpya: kipindi cha runinga cha kila Jumapili kuhusu watu wa karibu wa Mtukufu. Wapishi, walinzi, madaktari, wote walihojiwa. Babu, aliyekuwa dereva wake, alikataa.

"Mimi nilishika usukani tu," alisema. "Dereva haangalii nyuma."

"Na kile kioo cha garini kilikuwa cha kunyolea?" Bibi akamchoma.

Bibi hakuwa na haja na historia. Kila picha ya zamani ilipopita alisogea karibu na runinga, akimtafuta kaka yake. Miaka yote Babu alimwambia, "Shemeji alivuka mpaka. Ipo siku atapiga simu."

Jumapili moja mlinzi mmoja alieleza kwamba Mtukufu hakuwa na salamu. Alipiga simu, akasema "Ripoti," nawe ukasimama ukaeleza kazi uliyotumwa, hata kabla ya kuvuta pumzi. Nikaona nimeletewa zawadi. Babu aliposinzia kwenye kochi, na Bibi akawa jikoni anaosha vyombo, nikaingia bafuni.

Babu masikio yamechoka; simu zake zote hupokea kwa spika. Hilo sikulikumbuka.

"Dereva!" nikanguruma. "Ripoti!"

Nilisikia kochi likilia, kisha visigino vikigongana sakafuni.

"Mtukufu! Shemeji nimemfikisha machimboni kama ulivyoagiza. Amelia njia nzima akiniita kwa jina. Gari nimeliosha. Nyumbani nimesema kavuka mpaka."

Jikoni sahani ilianguka. Nilisahau kukata simu.

Mlango wa bafu ukasukumwa. Mikono ya Bibi ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Ni mimi, Bibi," nikasema. "Nilikuwa natania tu, naapa."

"Nimekujua tangu neno la kwanza," alinong'ona. "Usikate. Muulize machimbo yapi."

Nilitanua kifua nimwite Mtukufu. Hakuja. Ilitoka sauti yangu mwenyewe, ile nyembamba.

"Babu, ni mimi, mjukuu wako. Ni mimi niliyepiga. Machimbo yapi?"

Kochi likapokea mtu mzito.

"Ya chokaa," Babu akasema.

Bibi akafuta mikono kwenye khanga, akaanza kutafuta viatu vyake.