Milembe Mbele ya Maiki

…na sasa atanyamaza hivyo mpaka lini, Mungu wangu, mtoto amesimama mbele ya wazazi wote wa Nkoma kama aliyesahau hata jina lake, na Wilhelmina, mwalimu wake wa darasa la awali, ameegemea ukuta karibu na spika, anamsihi kimoyomoyo, sema, Milembe, ni mistari minne tu, jana uliisema yote nyumbani kwangu huku unamenya karanga, wala hukukosea… maiki nayo wameiacha juu, kwa urefu wa Mwalimu Novatus, mshereheshaji gani huyu asiyejua kwamba mahafali ya watoto wadogo ni ya watu wafupi, mtoto kafika pale, magoti yakamwisha nguvu, akashuka mpaka karibu na sakafu, midomo ikamcheza kidogo, akainuka, basi, kimya, na watu wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu, lakini kicheko ni kicheko, Wilhelmina anakijua… alikuwa na miaka saba, kule kwao Mbinga, Krismasi, kanisa limefurika, kahawa imeuzika vizuri na kila mtu ana nguo mpya, akasahau neno la pili la shairi, la pili tu, mkono wa katekista ukamshika kwapani ukamteremsha, "Haya, mwingine," na mwingine akapanda akasema vizuri, na tangu siku hiyo… tangu siku hiyo amekuwa mtu wa watoto wadogo kwa sababu watoto wadogo hawamtishi, kwenye vikao vya walimu hukaa nyuma, akiulizwa maoni anasema naunga mkono, na hapa ugenini, Usukumani, mwaka wa tatu huu, watu wakimsalimu njiani huinamisha kichwa akapita, anajifanya ana haraka, haraka ya kwenda wapi, kwenye chumba chenye kitanda na jiko la mkaa, jioni zake zote ni redio na Milembe, na Milembe akirudi kwao inabaki redio… "Mtoto wetu ana aibu kidogo," Novatus anapaza sauti kutoka chini ya jukwaa, "tumpigie makofi akapumzike, eti wazazi?" hapana, Novatus, usimpumzishe, akipumzishwa leo hatasimama tena popote, atakuwa mtu wa viti vya nyuma maisha yake yote, ataunga mkono mpaka azeeke… na baba yake, Ngassa, kofia mapajani, anatazama chini, alishasema tangu mwanzo, huyu mwache, mwalimu, huyu nyumbani anaongea na ndama tu, utamwaibisha, na mama hayupo, mvua imenyesha, Kabula yuko shambani anapanda pamba, ah, angekuwepo Kabula, maana hata siku ile ya kwanza ni yeye aliyejua la kufanya, walikuja nyumbani kwake, mama na mtoto, na kibuyu cha maziwa, Milembe kapiga magoti mlangoni, kanong'ona, "Mwangaluka," kisha kimya, Wilhelmina akainamisha kichwa kama kawaida yake, akamuuliza jina, kimya, akamchekea, kimya, akampa andazi, mtoto akalishika tu asilile, mpaka mama akacheka, "Mwalimu, huyu si bubu. Amekuamkia, anangoja umwitikie. Mtu hajakuitikia, utaanzaje kuongea naye?" akamfundisha pale pale cha kusema, na Wilhelmina, uso ukimwaka kwa aibu, akakisema, "Mwangaluka, mhola?" na mtoto, "Mhola duhu, mwalimu," salama tu, na hapo maneno yakafunguka, ng'ombe mwekundu kazaa, kaka kaanguka kwenye mkwaju, hayakukoma mpaka andazi likaisha… kapiga magoti mlangoni… kapiga magoti… ewe Wilhelmina, magoti hayakumwisha nguvu, alipiga magoti, aliwaamkia, aliwaamkia wakubwa wote waliomo humu kama alivyolelewa, chini kabisa ya maiki, hakuna aliyesikia, wakamcheka, na sasa anangoja, mtazame basi, shingo imenyooka, mikono imetulia pembeni, mtoto haogopi hata kidogo, amekosa wa kumwitikia tu, na anayelijua hilo katika ukumbi mzima ni mtu mmoja… basi mwitikie… kwa sauti, sauti ya kufika pale jukwaani, ipite juu ya vichwa vya wazazi wote hawa, kwa Kisukuma chako cha kuombea maji, watageuka wote wakutazame, mgeni, mwalimu asiyesalimia watu, leo kapatwa na nini… na wakicheka je… makofi yameanza, ya huku na huku, ya huruma, Novatus ameweka mguu kwenye ngazi, ananyoosha mkono, ukifika kwapani kwa mtoto yameisha, na Milembe bado amesimama, anawangoja kwa adabu, hana haraka, na Wilhelmina ameachia ukuta, amevuta pumzi, mdomo uko wazi, "Mwangaluka" ya kumwitikia imefika kwenye ncha ya ulimi, kazi yake ni kufundisha watoto wasiogope watu, na hajawahi hata siku moja kuisikia sauti yake mwenyewe ikijaza ukumbi.