Huku Mgongo, Huku Tumbo

Anonciata alitua ndoo kando ya jiko, akamimina maji kwenye beseni kupitia kipande cha kanga, na mayai ya chura yakabaki juu ya kitambaa, donge la ute lenye vidoa vyeusi. Masika hayo mayai yalikuja kila mara na maji ya kidimbwi cha bondeni, pale Mabira, naye alikuwa akiyatupa kwenye migomba. Asubuhi hiyo aliyatia kwenye bakuli la maji, kwa sababu yalikuwa yakiongea.

Yaliongea Kinyambo, lugha ya wenyeji, kwa kuwa yalitagwa huku. Sauti zilikuwa ndogo na tulivu, kama za watu wanaogawana kazi kabla jua halijawa kali.

"Huku mgongo," ilisema moja.

"Na sisi?"

"Ninyi tumbo. Kaeni chini."

Mumewe, Celestin, aliinama akasikiliza, kisha akauliza kama chai iko tayari.

Jumapili baada ya misa walimwita Mwalimu Jovitha, anayefundisha baiolojia sekondari. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ndivyo yanavyojijenga," alisema. "Yai ni seli moja, inagawanyika. Zote zina jeni zile zile, lakini hakuna inayojua iwe nini mpaka jirani aitumie neno. Ikiambiwa mgongo, inafungua jeni za mgongo, nyingine inazifunga. Kuna kikundi kidogo ndicho chenye amri. Ukikitoa ukakipandikiza upande wa tumbo wa yai jingine, kiluwiluwi anaota kichwa cha pili."

"Na zikisikia vibaya, mwalimu?"

"Basi mwili unakuwa vile ulivyosikia."

Anonciata alivuta kitenge kikafunika tumbo. Mimba ilikuwa changa. Hata mama mkwe alikuwa hajaambiwa.

Mteremko ulio juu ya kidimbwi ulikodiwa na Zubeiri, mwenye duka la pembejeo, akapanda nyanya. Celestin alikuwa mmoja wa wapulizaji wake wa dawa. Walipomaliza kupuliza waliosha mabomba kidimbwini, maana hapakuwa na maji mengine karibu. Tangu hapo mayai ya bakulini yalianza kubishana.

"Moyo huku."

"Hapana, huku."

"Nani kasema?"

Viluwiluwi vilivyotoka viliogelea kwa kuzunguka. Kupitia ngozi ya tumbo Anonciata aliona utumbo umejikunja upande usio wake. Alivimwaga. Jioni, bakuli likiwa limeoshwa na kufunikwa, alizisikia tena sauti, safari hii kwa Kinyarwanda cha bibi yake. Zilitoka chini ya kitovu chake.

"Moyo upande gani?"

"Hatujasikia vizuri."

Kesho yake aliteka mayai mengine, akayabeba kwenye bakuli hadi dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa."

Zubeiri, mtu mpole ambaye babu yake alitoka pwani, alimpa kahawa, kisha akatega sikio juu ya bakuli. Hakuharakisha.

"Kweli," alisema. "Hawaelewani."

"Wangeosha mabomba mbali, mzee. Na mimi nina mtoto tumboni. Anauliza maswali hayo hayo."

"Mbali wapi, mwanangu? Nisipopuliza, ukungu unamaliza shamba, na mumeo anakaa nyumbani. Mimi nina wajukuu, naelewa." Akamchagulia ndoo mpya yenye mfuniko unaobana, ili kelele zisimsumbue.

Celestin aliporudi kutoka shambani alioga, akapiga magoti mbele ya mkewe, akaweka mdomo tumboni.

"Moyo kushoto," alisema. "Kushoto. Baba yenu ndiye anayesema."

"Anasema nini huyo?" iliuliza sauti moja ndani.

"Sijui. Ananuka tu."

Alioga tena kwa majivu na sabuni, akarudia. Harufu ilikuwa imeingia kwenye ngozi. Alirudia kila jioni mpaka sauti zikakoma, kwa kuwa zilikuwa zimeshaamua.

Mtoto alizaliwa zahanati, wa kike, mwenye kilio kizuri. Nesi aliweka kipimo upande wa kushoto wa kifua, akasubiri, akakihamishia kulia.

"Moyo huu hapa," alisema. "Una nguvu. Nyie ni wa bondeni?"

"Ndiyo."

"Wa bondeni siku hizi naanzia kulia. Leo nilisahau, mnisamehe."

Walimwita Uwamahoro. Nyumbani, Anonciata alipomlaza kifua kwa kifua, moyo wa mtoto ulidunda juu ya moyo wake barabara, kitu ambacho mama wengine hawakipati. Alikaa hivyo muda mrefu, asijue kama ashukuru. Celestin aliwatazama mlangoni, akamgusa mtoto kichwa kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilikuwa na dawa. Halafu akavaa bomba mgongoni, akashuka shambani. Nyanya za msimu mpya zilikuwa zimeanza kutoa maua.