Ghala Mlimani

Mimi ni fundi kufuli, na kushuku ni nusu ya kazi. Mteja akiniambia kapoteza ufunguo wa nyumba yake, namtazama yeye kwanza, ndipo nautazama mlango. Kwa hiyo msinishangae nikisema mchezo wa Mabonde Saba, toleo la pili, niliutilia shaka tangu siku ya kwanza.

Lile la zamani nimelicheza miaka kumi na minne. Ni mchezo wa vita wa kwenye kompyuta: unajenga ngome, unalima, unapanga jeshi, kisha unamwachia mwenzako zamu. Dada yangu, mfamasia wa mji mwingine, ndiye aliyenifundisha, na ndiye mwenzangu siku zote. Mama alipozidiwa mimi sikuwepo, na msibani dada alinisuta kwa hilo mbele za watu. Tangu hapo hatukupigiana simu tena. Lakini kila mchana, nikitulia kibandani nile, nilikuta zamu yake imeshachezwa, na chini yake kaandika neno moja mawili. Huo ndio undugu uliokuwa umebaki, na niliuogopea.

Sasa hili la pili, eti limeboreshwa! Wameondoa mahali pa kuandika. Unachagua maneno yaliyokwisha kupikwa: "Pole", "Twende", "Kazi nzuri". Farasi wanang'aa kama sufuria mpya, akili hamna. Miaka mitatu nangoja, naletewa mapambo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hili lilijitembeza kila kona.

Nikavumilia kwa ajili ya dada. Wiki ya kwanza akanishinda, ya pili akanishinda. Nikabonyeza "Kazi nzuri", naye akabonyeza "Kazi nzuri". Wiki ya tatu, natafuna mkate wangu, nikaona ghala lake liko mlimani.

Dada hajengi ghala mlimani. Miaka yote hiyo analijenga bondeni kando ya mto, mvua inakuja, mto unafura, nafaka inakwenda na maji. Nimemcheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hujibu kwamba mwenye njaa hapandishwi mlima, kisha analijenga palepale.

Nikashuku kaibiwa nywila. Nikashuku kamwachia mtu amchezee. Nikapekua mipangilio yote, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, nikaikuta kanuni: mchezaji akiacha kucheza, mashine itamchezea, ili mwenzake asikatishwe raha.

Wezi hawa! Nikatukana mle kibandani hadi mteja akauliza kama nimemvunjia kufuli lake.

Nikamsimulia mke wangu kwa simu. Aliniacha nimalize hasira zangu, kisha akauliza swali moja tu: kama wifi yake hachezi, yuko wapi? Nikampigia dada hapohapo.

Alipokea upesi. Nikaanza kuulaumu mchezo, kwamba hawa watu ni matapeli, wanatuchezea akili.

"Niliacha siku ya pili," akasema. "Hapakuwa na pa kuandika. Nikasema ngoja, mdogo wangu ataona sipo, atapiga."

"Nimeona, dada. Ghala lako..."

"Baada ya wiki tatu."

Nilitafuta wa kumsingizia nikakosa. Mashine haikunikataza kupiga simu. Tena niliipenda, kwa sababu ilinipa dada asiyenikumbusha chochote. Niliona aibu, na nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba naurudia mchezo wetu wa zamani sasa hivi. Akasema nianze mimi, yeye ana mgonjwa dirishani anangoja dawa.

Saa kumi zamu yake ikafika. Ghala lilikuwa bondeni, kando ya mto. Chini yake alikuwa ameandika: "Safari hii mvua ikija, uje."