Ushuru wa Uzi

Vitambaa viwili vya ñandutí, lesi ya Paraguay, vililala juu ya meza ya Bwana Aquino wa idara ya ushuru kama mapacha waliogombana. Kimoja kilitoka kwenye mashine za ng'ambo. Cha pili, chembamba kama utando wa buibui, Ña Perpetua alikifuma kwa sindano nyumbani kwake Itauguá, tangu mvua za kwanza mpaka mapera yalipoiva.

Alikuwa mwenyekiti wa wafumaji, na alikuja Asunción na shauri moja moyoni: ushuru wa vitambaa vya mashine upandishwe mpaka wachuuzi wavichoke. Mbele yake aliketi Leonarda, mjane wa kaka yake, aliyeitwa kuwasemea wachuuzi hao. Kibanda chake cha barabarani kilijaa bidhaa za ng'ambo.

Joto lilikuwa kali. Perpetua alitia maji ya barafu kwenye pembe yenye majani ya yerba, chai ya kwao ya kunywewa kwa zamu, akanywa kwanza yeye kwa mrija, akampa Bwana Aquino, kisha karani, kisha akajitilia tena. Pembe ikapita mbele ya pua ya Leonarda.

Kwao, anayerukwa ni yule tu aliyekwisha kusema asante, maana neno hilo ni kusema ametosheka. Leonarda hakulisema. Hakulisema hata siku ile alipofungua kibanda, aliporukwa mara ya kwanza mbele ya ukoo mzima.

"Wifi, leo pia mimi ni ukuta?"

"Ukuta una faida. Unatundikiwa kitu."

Bwana Aquino akakohoa. "Mama zangu, viwango vya ushuru tumekubaliana na majirani zetu. Zipo bidhaa chache tu ambazo kila nchi inaruhusiwa kuzipangia kiwango chake yenyewe. Upande wetu imebaki nafasi moja, na ombi lenu lina mambo mawili: kupandisha ushuru wa vitambaa na kufuta ushuru wa uzi unaotoka nje. Nitalipeleka moja kwenye kamati."

"Vitambaa," alidakia Perpetua. "La uzi waliliongeza wasichana ninaowafundisha tu."

Leonarda akacheka. "Pandisha, bwana, mimi nitauza soksi! Ila mwulize wifi yangu: mteja akitaka kilichofumwa kwa mkono, nimpe nini? Kila nikimpelekea mtu, anamwambia asubiri."

"Ulikuwa ukiwaleta wewe?"

"Ulidhani wameoteshwa njia?"

Perpetua akakumbuka. Wageni walikuwa wamekuja kweli, wakaondoka mikono mitupu. Akaziona moyoni fremu zake za kufumia zimening'inia ukutani bila kazi. Akamwona Ignacia, mwanafunzi wake, siku alipomaliza kufuma ua la mpera lisilo na kasoro hata moja. Uzi ulikuwa ghali. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia alifumue ili wautumie tena. Msichana alilifumua taratibu, akauzungusha uzi kwenye kidole. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Miaka yote hiyo Perpetua alikuwa amesimama mlangoni na rungu, akimvizia adui wa nje. Hakugeuka kutazama nyumba inavyobaki tupu nyuma yake.

"Andika uzi," alisema.

Bwana Aquino aliinua kalamu. "Mama, vya mashine vitaendelea kuingia."

"Viingie. Na sisi tutafuma."

Leonarda alitazama vitambaa vile viwili, halafu akatazama mikono yake.

Majani yalikuwa yamekwisha ladha. Perpetua aliyamwaga, akaweka mapya, akanywa maji ya kwanza yaliyo machungu kama inavyompasa mwenye kutia. Kisha akajaza pembe mpaka juu na kuitia mkononi mwa wifi yake.

Leonarda alinywa mpaka mrija ukalia. Akairudisha pembe. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikajifunga tena. Hakusema asante. Alivuta kiti karibu, akangoja zamu yake irudi.