Mwiko Kwenye Injini

Khadidja alikuwa ameshaosha mwiko wa bugali, ameufuta na kuuzungushia gazeti, na bado Rachidi alikuwa amesimama mlangoni na shati lake la Idi, akijifanya anangoja mtu. Mumewe huyo alikuwa dereva tangu ujana, na usukani aliujua, hakuna aliyebisha. Kununua ndiko asikokujua. Mwaka juzi alirudi nyumbani Bwiza, hapa Bujumbura, na gari jekundu linalong'aa kama bibi harusi, akapiga honi mtaa mzima, na kabla wiki haijaisha likamfia kule Carama. Akarudi kwa miguu amebeba redio yake tu. Tangu siku hiyo, Rachidi akiona gari linauzwa macho humlegea, na Khadidja akiliona hukaza fundo la pesa kwenye kitenge. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

"Mi nitakaa kimya," Rachidi alisema. "Nitaangalia tu."

"We ukiangalia, mwenye gari anaona mate yako. Kaa hapa. Gari ikifika, utaendesha."

Rachidi aliegemea mlango. Nyuma yake, chini ya dirisha, sakafu ilikuwa na alama za miguu ya cherehani. Basi dogo alilokuwa akiliendesha lilikuwa juu ya mawe tangu nchi jirani zifunge mipaka, kwa sababu vipuri haviingii, na petroli inauzwa kando ya barabara kwenye chupa, kama mawese. Muda wote huo nyumba ilikula kwa cherehani ya Khadidja. Mchele ulipanda, sabuni ikapanda, watu wakaacha kushona nguo mpya wakawa wanaleta viraka, na viraka havilishi watoto. Jana aliiuza cherehani ili Rachidi apate teksi. Leo gari likiwa bovu, hawatakuwa na cherehani wala gari, na hilo wote wawili walilijua, ndiyo maana hawakulitaja.

Fundi Chabani, rafiki wa Rachidi tangu utoto, alipobisha hodi hakuuliza habari ya asubuhi.

"Shemeji, mwiko umebeba?"

"Nimebeba. Lakini kama unanichezea, nitakupiga nawo."

"Utanishukuru nawo," Chabani alisema, wakaondoka.

Gari lilikuwa Kinanira, juu mlimani, kwenye nyumba zenye maua ukutani, ambako ukigeuka unaliona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Mwenyewe aliitwa Maxime, karani wa wizara moja ambayo mishahara yake ilikuwa inachelewa mpaka ikasahau njia ya nyumbani. Mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa analiuza gari ili alipe karo za shule, na aliwapokea kwa heshima iliyochanganyika na haraka.

Lilikuwa Corolla jeupe la zamani. Khadidja alilipenda palepale, akajikemea. Kumbe ugonjwa wa Rachidi unaambukiza.

Chabani hakulitazama hata uso. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akakiacha hapo kama mama anayempima mtoto homa.

"Iko baridi. Vizuri," alimwambia Khadidja. "Ukikuta injini ina moto asubuhi, ujue mwenyewe aliiamsha mapema, ili usione vile inakohoa ikiamka."

Kisha akalala chali chini ya gari, miguu tu ikabaki nje, akawa anagonga vyuma na kusikiliza. Akainua mazulia akatafuta kutu. Akapitisha mkono juu ya matairi, kwa sababu tairi lililolika upande mmoja linasema mambo ambayo mwenye gari hayasemi. Halafu akatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio, imefungwa kwa kitambaa isikwaruze rangi, akaanza kuizungusha gari zima. Sumaku ikawa inang'ang'ania bati, inang'ang'ania, inang'ang'ania, mpaka ilipofika mlango wa nyuma ikadondoka.

Chabani akaiokota, akairudisha pale pale. Ikadondoka tena.

"Hapa hakuna bati. Ni mastiki ya kuzibia, imepakwa rangi juu."

"Ah, ni pigo kidogo tu," Maxime alisema. "Waliigonga sokoni."

Khadidja alilikumbuka gari jekundu. Nalo lilikuwa na pigo kidogo tu.

"Kwangua," alisema.

"Shemeji, tukikwangua tumekwangua. Rangi haitarudi."

"Nimeuza cherehani yangu, fundi. Kwangua."

Chabani akamtazama Maxime, naye Maxime akatazama ziwa. Bisibisi ikaingia, mastiki ikamomonyoka vipande vipande, ukatokea mviringo mmoja mweusi, wa kuingiza kidole. Akakwangua pembeni, ukatokea wa pili. Na wa tatu. Hakuna mtoto Bujumbura miaka hiyo ya vita ambaye angeuliza ni matundu ya nini.

Mke wa Maxime, Elvire, alikuwa barazani akichambua maharage. Aliweka ungo chini akaja.

"Ungewaambia tu," alimwambia mumewe, bila hasira. Kisha akamgeukia Khadidja. "Tulikuwa tunashuka mulimani, kule kwenye makona. Yeye anaendesha, mi niko nyuma na mizigo."

Alifungua mlango, akaketi kwenye kiti cha nyuma, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Mi nilikuwa hivi. Kiatu kilinitoka, nikainama nikitafute. Nilipoinuka, nilikuta kioo kimejaa kwenye nywele yangu. Gari haikuzimika. Ilitembea mpaka hapa, na tairi moja haina upepo."

Khadidja alinyoosha mkono kutoka kwenye matundu, akaupitisha hewani pale ambapo kichwa cha mwanamke huyo kingekuwa. Mkono ukasimama. Moyo wake ulijaa kitu kikubwa kuliko huruma, akaogopa na kustaajabu pamoja, kama siku alipomshika mtoto wake wa kwanza. Kiatu! Mtu yuko hai, anachambua maharage, anasuka nywele zake, kwa sababu ya kiatu kulegea.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Na hicho kiatu?"

"Ninacho. Sijawahi kukivaa tena."

Chabani alifuta bisibisi kwenye suruali. Kisha akakohoa kidogo. "Bati ni bati, mama. Sasa tuulize injini kama yenyewe iliumia. Shemeji, lete mwiko."

Injini iliwaka kwa mara ya kwanza, ikatetemeka, ikatulia. Chabani alikwenda nyuma kwanza akatazama moshi. Wa buluu ni gari linalokula oili, mweupe usioisha ni maji yanayoingia pasipo pao, mweusi ni petroli inayoungua bure. Huu ulikuwa mwembamba, ukatoweka. Ndipo alipouchukua mwiko, akauweka upande mpana juu ya chuma cha injini na ncha ya mpini sikioni mwake, akafumba macho. Alihama hapa, akahama pale. Mwishowe akampa Khadidja.

"Sikiliza mwenyewe. Ni pesa yako."

Khadidja alicheka, kisha akasogeza mtandio, akauweka mpini sikioni. Kicheko kikamwisha.

Ndani mlikuwa na mji. Kelele yote ya nje ilikuwa imepotea, ikabaki kazi: vyuma vinapokezana, kimoja kinapanda kingine kinashuka, mafuta yanapita, kila kitu kwa zamu yake, hakuna anayemsukuma mwenzake. Ameusonga bugali kwa mwiko huu miaka na miaka, asijue kwamba mti mkavu unaweza kusikia. Na vyuma hivi vilipita katikati ya risasi, vikaendelea kupokezana hivi hivi, vikamleta Elvire nyumbani kwake. Machozi yalimjia, akayaacha.

"Unasikia mahali inagonga?" Chabani aliuliza.

"Apana. Naisikia inafanya kazi."

"Basi."

Aliizima, akaendelea kumwonyesha, sasa kwa furaha ya fundi aliyepata mtu wa kusikiliza. Akabana vibanio viwili kwa kidole gumba, kofia nyeusi yenye nyaya ikafunguka, na ndani yake akachomoa kitu kidogo cha plastiki ngumu chenye kipande cha shaba juu, si kikubwa kuliko kidole gumba chenyewe.

"Hii inaitwa kidole cha delko. Inazunguka, inagawia moto kila buji ya kuwasha petroli, kwa zamu. Ukiitoa, gari yote ni sanduku. Hata umpe dereva wa rais."

"Kitu kidogo hivi?"

"Kitu kidogo hivyo."

Khadidja alikipima kiganjani, hakikuwa na uzito. Alikirudisha mwenyewe mahali pake, akafunga vibanio mwenyewe, na Chabani akamwacha afanye hivyo.

Bei hawakuibishania sana, matundu yalikuwa yameshasema. Maxime alihesabu pesa, akatia sahihi hati. Elvire akaleta Fanta kwa wageni na bia kwa mumewe, kwa sababu kitu kilichouzwa bila kinywaji, wanasema wenyewe, hakijauzwa, kimeibiwa. Walikunywa wamesimama, wakilitazama gari. Elvire aliligonga bati kwa kiganja, mara moja, akarudi kwenye maharage yake.

Laiti wangeteremka moja kwa moja Bwiza. Lakini gari lisilo na muhuri wa jina la mmiliki mpya lisingevuka hata kizuizi cha kwanza cha askari, kwa hiyo Chabani aliliendesha mpaka kwenye yadi ya ukaguzi, na Khadidja kando yake akiwa ameshika mwiko mapajani, akitazama mji kupitia kioo ambacho sasa kilikuwa chake.

Mkuu wa yadi alikuwa mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Aliyazunguka yale yote ambayo Chabani aliyazunguka, ila hakugusa kitu. Alisimama kwenye mlango wa nyuma.

"Haya matundu?"

"Ni risasi, shefu. Ya zamani. Wenyewe walituambia."

"Gari yenye ilipigwa risasi lazima ichunguzwe. Nani alipiga, juu ya nini, na nani alikuwa ndani."

"Wenye walikuwa ndani ndio walipigwa, shefu," Khadidja alisema.

"Ndiyo maana lazima tujue walikuwa wamefanya nini. Acha funguo."

Khadidja aliyatazama matundu yale matatu. Mastiki ingebaki mahali pake, mtu huyu angepiga muhuri akaenda kula. Ni yeye mwenyewe aliyesema kwangua. Alikuwa amelikagua gari kwa mkono, kwa sumaku na kwa mwiko, akakuta kila kitu kizima. Serikali ndiyo hakuikagua.

"Uchunguzi utachukua muda gani?"

"Uchunguzi ni uchunguzi."

Khadidja aligeuza macho polepole. Ukutani palikuwa na pikapu juu ya mawe, matairi hayapo. Kando yake gari la kijivu, nalo la uchunguzi, lakini safi, mazulia yake yamejaa mchanga wa ufukoni na kwenye kiti cha nyuma taulo la mtoto, bado lina unyevu. Basi akaelewa Jumapili hii nani angekwenda kuogelea na Corolla la nani.

"Fungueni mbele, munisomee namba ya injini," mkuu alisema. Alitazama mikono ya shati lake, akatazama grisi. "Mi naleta kalamu." Akaingia ofisini.

Chabani alifungua, akainama. Alikuwa bado anaitafuta namba aliposikia vibanio viwili vikilia karibu na sikio lake, kimoja, kisha kingine. Aligeuza jicho tu. Kidole gumba cha shemeji yake kilikuwa chini ya kofia nyeusi. Kofia ikarudi, vibanio vikajifunga, na fundo likapigwa kwenye pindo la kitenge.

Mkuu aliporudi na kalamu, Chabani aliisoma namba kwa sauti ya mwadhini, herufi moja moja, mpaka mkuu akamwambia apunguze.

Khadidja alimkabidhi funguo kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu kumpa mkubwa.

Walikuwa wamefika langoni waliposikia nyuma yao stata inazungusha. Ikazungusha, ikakata. Ikazungusha tena, ndefu, ya kusihi.

"We mama! Gari yako ina nini?"

Khadidja aligeuka, uso wa mbuzi.

"Ni gari ya zamani, shefu. Labda imechoka na maswali."

Wakaendelea kutembea. Moyo ulimpiga mpaka akausikia masikioni bila mwiko. Walipokata kona, Chabani alishika ukuta akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanyamaza ghafla.

"Watatafuta fundi, shemeji."

"Najua."

"Na mimi watanijua."

"Fundi wao atatafuta hicho kidole wapi, na mipaka imefungwa? Sema we."

Chabani alifikiri. "Hapa mujini? Hataipata," alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo asubuhi haikuwemo.

Bwiza, Rachidi alikuwa bado mlangoni na shati la Idi, limejikunja mgongoni. Alitazama nyuma ya mkewe barabarani, akatazama mwiko, akangoja honi ambayo haikulia.

"Gari iko wapi?"

Khadidja alifungua fundo la kitenge, akamshika mumewe mkono, akamwekea kidole cha delko kiganjani. Kilikuwa bado na joto la mwili wake. Rachidi alikijua mara moja, dereva wa miaka yote hiyo, akainua macho.

"Hii hapa," alisema Khadidja. "Ingine yote imebaki kwa serikali."